Florence Nightingale, Mwalimu wa Wauguzi

Si ajabu kwa mwanafunzi wa ualimu aliyepelekwa Chwaka kwa mazoezi ya kufundisha kukutana huko na vijana wengine walio mazoezini kama yeye, ila wao hawashiki chaki. Hao ni wanafunzi wa uuguzi na ukunga kutoka chuo kikuu, ama kile cha Taifa chenye skuli yake ya afya Mbweni, ama kile cha Tunguu, kilichomo katika Wilaya ya Kati pamoja na Chwaka yenyewe. Asubuhi, wakati wavuvi wanarudi kutoka ghubani na kina mama wanateremka kwenye mwani wao, makundi haya mawili hupishana njiani, moja likielekea skuli, la pili likielekea kwa wagonjwa. Kila mmoja amebeba daftari. Daftari la mwalimu lina andalio la somo. La muuguzi lina orodha ya kazi anazopaswa kuzifanya kwa mikono yake mbele ya msimamizi, naye msimamizi huzitia saini moja baada ya moja.

Desturi ya kumpima mwanafunzi wa uuguzi kwa kazi aliyoonekana akiifanya, wala si kwa maneno aliyoyakariri tu, ina historia ndefu, nayo historia hiyo inampitia mwanamke mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Jina lake linajulikana hata kwa watoto: Florence Nightingale. Wengi wetu tulifundishwa habari zake kama hadithi ya bibi mpole aliyetembea usiku na taa katikati ya majeruhi. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni ya miezi ishirini tu katika maisha ya miaka 90. Sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika jambo linalotuhusu sisi walimu moja kwa moja, yaani namna ya kuunda skuli, na namna ya kujua kama skuli hiyo inafundisha kweli.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchini Italia, wazazi wake Waingereza walipokuwa safarini, akapewa jina la mji huo. Dada yake, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja, alizaliwa Naples akaitwa Parthenope, ambalo ni jina la kale la Kigiriki la mji wa Naples. Walikuwa watu wa mali nyingi. Baba yao, William Nightingale, aliamua kuwasomesha mabinti zake mwenyewe nyumbani, jambo lisilokuwa la kawaida zama hizo. Aliwafundisha Kigiriki na Kilatini, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano, historia na falsafa. Florence alipenda zaidi hesabu. Mama yake hakuona faida ya hesabu kwa msichana ambaye kazi yake ingekuwa kuolewa vizuri na kukaribisha wageni.

Mwezi wa Februari 1837, akiwa bado hajatimiza miaka 17, Florence aliamini kwamba Mungu amemwita kwa kazi fulani. Kazi gani, hakuambiwa. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba kazi hiyo ni kuuguza wagonjwa. Mwaka 1845 aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza kwa miezi michache katika hospitali ya Salisbury, iliyokuwa karibu na nyumba yao. Nyumba nzima ilifadhaika kama kwamba ameomba ruhusa ya kufanya jambo la aibu. Tusiwalaumu haraka. Uuguzi katika hospitali nyingi za Uingereza wakati huo ulikuwa kazi ya wanawake wasiokuwa na njia nyingine ya kuishi. Wengi hawakujua kusoma, na ulevi ulikuwa sifa yao mbele ya watu. Hapakuwa na skuli ya kazi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba ni kazi inayohitaji kusomewa.

Hakupewa ruhusa. Kwa miaka iliyofuata akawa anaamka kabla ya alfajiri, anawasha mshumaa, na kusoma taarifa za hospitali na za afya ya umma, akijaza madaftari kwa takwimu. Wakati wa chai ya asubuhi aliteremka akakaa na wenzake kama binti yeyote wa nyumba kubwa. Alikataa kuolewa na mtu ambaye kwa kweli alimpenda. Mwaka 1849 marafiki wa familia walimchukua safari ya Misri, wakapanda Mto Nile, wakitumaini kwamba atasahau.

Hakusahau. Wakati wa kurudi, mwaka 1850, alipita Kaiserswerth, kijiji kilicho kando ya Mto Rhine nchini Ujerumani, ambako mchungaji Theodor Fliedner alikuwa ameanzisha mwaka 1836 nyumba ya kuwafundisha wanawake kuuguza. Mwaka 1851 alirudi huko akakaa miezi mitatu kama mwanafunzi. Jambo moja katika Kaiserswerth lingempendeza kila msomaji wa jarida hili: palikuwa na hospitali, pakawa na skuli ya watoto wadogo, na pakawa na mafunzo ya ualimu, yote katika uwanja mmoja. Muuguzi na mwalimu walikula meza moja. Florence alisifu moyo wa mahali hapo maisha yake yote. Uuguzi wenyewe aliuona dhaifu, na usafi wake aliuona mbaya kabisa, na hakuficha maoni hayo. Hii ni tabia yake tutakayoikuta tena: kumpenda mwalimu wake hakukumzuia kuhesabu makosa yake.

Mwaka 1853 baba yake alikubali hatimaye, akamwekea pauni 500 kwa mwaka, na Florence akachukua usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Mwaka uliofuata Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa vitani na Urusi, na magazeti ya London yakaanza kueleza jinsi majeruhi wa vita vya Crimea walivyokuwa wakifa bila ya uangalizi. Waziri aliyehusika na mambo hayo, Sidney Herbert, alikuwa rafiki yake. Tarehe 21 Oktoba 1854 Florence aliondoka na wauguzi 38, na mapema mwezi wa Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya bahari kutoka Istanbul, ambako kambi kubwa ya askari wa Kituruki ilikuwa imegeuzwa hospitali.

Hapo ndipo ilipo hadithi ya taa. Taa yenyewe haikuwa ile ya mafuta yenye mdomo inayochorwa vitabuni. Ilikuwa fanusi ya Kituruki, ya kukunja. Lakini kazi kubwa ya mchana haikuwa ya taa. Ilikuwa kutafuta mashuka, sabuni, mabakuli na mashati, kuweka nyumba ya kufulia nguo, kuweka jiko la chakula cha wagonjwa, na kugombana na maofisa waliosema kwamba kila kitu kipo kwa sababu karatasi zilisema kipo. Kwa askari waliokwisha kupata nafuu alifungua vyumba vya kusomea na kuwatafutia walimu, ingawa wakubwa wengi waliamini kwamba askari hataki ila pombe.

Pamoja na yote hayo, watu waliendelea kufa. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walioingia Scutari, 42 hivi walikufa. Walio wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuharisha, kipindupindu na homa. Mwezi wa Machi ikaja tume ya usafi kutoka London. Ikafungua mifereji ya maji machafu iliyoziba chini ya jengo, ikapitisha hewa, ikapaka kuta chokaa. Kufika mwezi wa Juni waliokufa walikuwa kiasi cha 2 katika 100.

Niingize hapa jambo la pembeni linalotuhusu sisi wa Unguja. Mbali kidogo na Scutari, katika mlango wa bahari wa Dardanelles, Waingereza walijenga mwaka 1855 hospitali ya mbao mahali palipoitwa Renkioi. Ilibuniwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel, ikasafirishwa vipande vipande kwa meli, na tangu mwanzo ilipangwa kwa hewa safi na mifereji mizuri. Katika wagonjwa wapatao 1,300 waliotibiwa pale walikufa 50 hivi. Mmoja wa madaktari vijana wa hospitali hiyo alikuwa John Kirk. Ni Kirk huyo huyo aliyefika Unguja mwaka 1866, akawa balozi wa Uingereza wakati wa Sayyid Barghash na mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, na akajenga nyumba Mbweni. Kwa hivyo mwanafunzi wa uuguzi anayesoma Mbweni leo anasoma jirani na nyumba ya mtu aliyeyaona kwa macho yake matokeo ya hewa na maji safi katika vita vile.

Haki inataka pia kumtaja Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica, mjuzi wa tiba za magonjwa ya nchi za joto. Aliomba kwenda kuuguza pamoja na kundi la Florence, akakataliwa, naye aliamini kwamba rangi yake ilikuwa sababu. Akasafiri kwa fedha zake, akafungua nyumba ya chakula na tiba karibu na uwanja wa mapigano. Vitabu vya skuli vilimsahau kwa muda mrefu sana.

Florence aliugua vibaya mwezi wa Mei 1855, na afya yake haikurudi kamili tena. Aliporudi Uingereza mwezi wa Agosti 1856 alikwepa magwaride na sherehe, akajifungia na takwimu. Pamoja na William Farr, bingwa wa takwimu za vifo, alipanga hesabu za vita nzima, na hesabu zikaonyesha wazi kwamba vifo vilipungua baada ya mifereji kufunguliwa. Maana yake ilikuwa nzito kwake. Wakati wa vita alidhani watu wanakufa kwa sababu wanafika wakiwa wamekwisha choka na njaa. Sasa alitambua kwamba jengo alilokuwa akilisimamia lilikuwa na sehemu kubwa katika kuwaua. Mtu mwingine angezificha karatasi hizo. Yeye alizichapisha. Na kwa kuwa alijua kwamba wakubwa hawasomi majedwali, alichora mwaka 1858 mchoro wa duara uliogawanywa kwa miezi, rangi moja kwa waliokufa kwa majeraha na nyingine kwa waliokufa kwa magonjwa yanayozuilika. Sisi tungeuita zana ya kufundishia, na ni katika zana bora zilizowahi kuchorwa.

Wakati yuko vitani wananchi wa Uingereza walimchangia fedha zilizofikia pauni 44,000 na zaidi. Kwa fedha hizo ilifunguliwa mwaka 1860 skuli ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London, yenye wanafunzi 15. Mwanafunzi alipewa chakula, sare na pauni 10 za matumizi kwa mwaka, akalala katika dakhalia ndani ya hospitali. Alijifunza wodini kwa mwaka mmoja chini ya wauguzi wakuu wa wodi, akasikiliza mihadhara ya madaktari, akaandika daftari la kila alichokiona. Kila mwezi mkuu wa wauguzi, Bibi Sarah Wardroper, alijaza karatasi ya kila mwanafunzi yenye sehemu mbili: ya kwanza tabia, ya pili kazi, kama vile kufunga vidonda, kutandika kitanda chenye mgonjwa, kupika chakula cha mgonjwa, na kutazama.

Kutazama! Hili lilikuwa somo miongoni mwa masomo, na Florence aliliweka juu ya mengi. Katika kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, alilipa sura nzima. Alieleza kwamba maswali ya jumla ni adui wa kuona. Ukimuuliza muuguzi kama mgonjwa amelala vizuri, utajibiwa kwamba amelala vizuri. Uliza amelala saa ngapi, na ameamka mara ngapi, na muuguzi asiyetazama atajulikana hapo hapo, naye usiku unaofuata atatazama. Swali la mwalimu ndilo linalomfungua macho mwanafunzi, au kumfumba.

Nilipoisoma sura hiyo nilikwisha kuwa mkufunzi, nami nilikumbuka jambo ambalo ningependa lisingekuwa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika skuli ambayo sitaitaja, nilikuwa na mtoto wa darasa la pili aliyekaa karibu na dirisha. Asubuhi moja alilaza kichwa juu ya dawati. Nikamtoa nje, nikamsimamisha juani mpaka kengele ilipolia, kwa kosa la kulala darasani. Somo liliendelea vizuri, andalio langu likatimia, na mwisho nikauliza kama wameelewa. Wakaitikia wote kwa sauti moja kwamba wameelewa. Kesho yake mtoto hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tano bibi yake alikuja kunieleza, bila ya hasira, kwamba mjukuu wake alikuwa na homa tangu usiku wa kuamkia siku ile. Alirudi baada ya wiki mbili, shingo imekonda. Katika daftari langu la mahudhurio, mbele ya jina lake, kulikuwa na mstari mzima wa alama za utoro.

Turudi St Thomas. Kwa miaka kumi skuli ilionekana imefanikiwa, na wauguzi wake walitakiwa kila mahali. Florence mwenyewe, akiwa mgonjwa kitandani na ameshughulishwa na usafi wa kambi za jeshi nchini India, aliiendesha kwa barua. Hakukosa kuwakumbuka watoto: mwaka 1863 alitoa taarifa ya takwimu za vifo katika skuli na hospitali za wenyeji katika makoloni, akapinga kuwafungia watoto katika vyumba visivyo na hewa kwa saa nyingi. Taarifa hiyo inaliona koloni kwa jicho la mtawala, na hilo tuliseme. Lakini swali la hewa darasani bado ni letu.

Mnamo 1871 na 1872 ndipo alipoichunguza skuli yake kwa karibu, akauzungumzisha mwenyewe umati wa wanafunzi, mmoja mmoja, chumbani kwake. Alichokigundua kilimuumiza. Daktari aliyelipwa kufundisha alikuwa ameacha kufundisha zamani. Madaftari ya wanafunzi hayakusomwa na mtu. Wanafunzi walitumiwa kama vibarua wa kujaza mapengo ya wodi. Na ile karatasi ya kila mwezi, fahari ya skuli, ilijazwa kwa kupenda na kutopenda kwa mkuu wa wauguzi. Kila kisanduku kilikuwa na alama, na alama hazikueleza kitu. Yaliyomkuta Scutari, karatasi kusema kipo na kitu hakipo, yalikuwa yamemkuta nyumbani kwake.

Hakuifunga skuli, wala hakumfukuza Bibi Wardroper. Alipatikana daktari mwingine, John Croft, aliyefundisha kwa mpango. Likaundwa pia jambo jipya, nalo kwa maoni yangu ndilo mchango wake mkubwa kabisa: muuguzi ambaye kazi yake haikuwa kuuguza bali kukaa na wanafunzi katika dakhalia, kuwarudilia masomo, kusoma madaftari yao na kuwasaidia walio wazito wa kuelewa. Yaani, mkufunzi. Florence akaanza pia kuwaandikia wanafunzi barua ndefu ya kila mwaka.

Mzozo wake wa mwisho ulikuwa juu ya mitihani. Kuanzia 1887 chama cha wauguzi kilichoongozwa na Ethel Bedford Fenwick kilitaka wauguzi wote wa Uingereza wafanyiwe mtihani mmoja na kuandikwa katika daftari la taifa. Florence alipinga kwa nguvu zote zilizobaki. Aliona kwamba mtihani unaweza kupima kumbukumbu, lakini hauwezi kupima mkono wala jicho wala subira. Hapa mimi naona alikosea, ingawa hoja yake ilikuwa na uzito. Msichana asiyekuwa na mtu wa kumpendekeza, anayetegemea alama za mkuu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, mtihani ulio wazi humpa haki. Aliyegundua mwaka 1872 jinsi karatasi zile zilivyokuwa zikijazwa alipaswa kulijua hilo kuliko wote.

Wakati ulimpita. Mwaka 1899 chuo cha ualimu cha Teachers College, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, kilifungua masomo ya wauguzi waliotaka kuongoza na kufundisha. Uuguzi uliingia chuo kikuu kwa mlango wa walimu. Mwaka 1907 chuo hicho kilimfanya Mary Adelaide Nutting, mzaliwa wa Kanada, kuwa profesa, muuguzi wa kwanza duniani kupata cheo hicho. Mwaka huo huo mfalme wa Uingereza alimpa Florence nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipokea. Ilipelekwa nyumbani kwake, naye alikuwa kipofu na kumbukumbu zake zimefifia. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi. Alizikwa kijijini East Wellow, na juu ya kaburi ziliandikwa herufi mbili tu za jina lake pamoja na tarehe.

Sheria ya kuwaandikisha wauguzi ilipita Uingereza mwaka 1919. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilifungua idara ya masomo ya uuguzi mwaka 1956, ya kwanza nchini humo. Kwetu, mafunzo ya Mbweni yaliyokuwa ya chuo cha taaluma za afya yakaunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na uuguzi sasa ni somo la shahada. Mtihani upo, na daftari la kazi lipo.

Mara ya mwisho nilipokuwa Chwaka kuwakagua wanafunzi wangu, niliketi barazani kumngoja mmoja wao amalize kipindi. Ng'ambo ya njia, mkunga wa makamo alikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu na mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga. Binti alikuwa amekwisha andika, na daftari lake lilikuwa wazi kwa saini. Mkunga hakulitazama. Alimuuliza mtoto amenyonya mara ngapi tangu alfajiri. Binti akamwangalia mama, kisha mtoto, kisha akaweka kalamu chini na kuvuta kibao akae nao.